Anangoja Makaratasi

Ukiuliza Kapsoit habari za mtu aliyekwenda Marekani miaka tisa iliyopita na hajakanyaga nyumbani tangu siku hiyo, jibu utakalopewa ni la maneno mawili: anangoja makaratasi. Ukishajibiwa hivyo mazungumzo yamekwisha. Muulizaji anaitikia, chai inaongezwa kikombeni, watu wanaingia habari za bonasi ya majani. Hakuna anayeuliza huyo mtu anangojaje, siku zake za kungoja anazipitisha vipi, na miaka tisa hiyo imemgeuza kuwa nani.

Nadhani hatuulizi kwa sababu hatuna hadithi ya kutuonyesha la kuuliza. Sisi wa nchi ya majani chai tuna hadithi mbili tu kuhusu mtu wa majuu. Ya kwanza ni ya aliyefaulu: amejenga nyumba ya mawe, amesomesha wadogo zake, Desemba akija kanisani anaitwa mbele kusalimia. Ya pili ni ya aliyepotea: hapigi simu, hatumi kitu, ameoa huko, amesahau mama yake. Mtu akitoka tu tunaanza kumpima kwa hizo mbili, na asipoingia katika ya kwanza basi moja kwa moja anatiwa katika ya pili. Yule ambaye yuko katikati, ambaye hajafaulu wala hajapotea, hana mahali. Na kusema kweli, katikati hapo ndipo walipo wengi.

Kwa hiyo nataka kuvisoma vitabu kadhaa vya wahamiaji kwa kipimo hicho kimoja: vinafanya nini na miaka ya kungoja? Vipo vinavyoiruka, vipo vinavyoifanyia mzaha, na kipo kimoja ambacho kimeingia ndani yake na kukaa. Halafu nitasema neno kuhusu Kiswahili chetu, ambacho kwa maoni yangu kimeacha kazi hii mikononi mwa wanaoandika kwa Kiingereza.

Kwanza tuelewane kuhusu karatasi zenyewe, maana mhakiki asiyezijua atasoma riwaya hizi kama hadithi za huzuni tu. Chukua bahati nasibu ya visa ya Marekani, ile ambayo kila mtu hapa anaiita grinikadi. Ilitokana na sheria ya uhamiaji ya 1990, ikatenga visa zisizozidi 55,000 kwa mwaka. Wanaochaguliwa huwa wengi kuliko visa zilizopo, na aliyechaguliwa asipomaliza hatua zote kabla ya Septemba 30 ya mwaka wake wa visa, bahati yake imekufa. Kuomba mara mbili kwa msimu mmoja kunakuondoa. Kuacha jina la mke au la mtoto katika ombi la kwanza kunakuondoa pia, hata kama uliliacha kwa sababu ulikuwa hujamwambia mtu kwamba una mtoto.

Yule aliyeingia kwa njia nyingine, kwa masomo au kwa ndoa, ana sheria zake. Aliyepata kadi kupitia ndoa isiyotimiza miaka miwili anapewa kadi ya miaka miwili tu, kisha lazima aombe tena, akithibitisha kwamba ndoa ilikuwa ya kweli. Aliyewasilisha ombi la ukaaji akiwa ndani ya Marekani, akatoka nje bila kibali maalum cha kusafiri, kwa kawaida ombi lake linahesabiwa limeachwa. Hebu isome sheria hiyo kwa macho ya Kapsoit. Baba amefariki Jumanne, mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mtoto wa kwanza wa kiume yuko huko anachagua kati ya kaburi na faili. Akichagua faili, watu matangani watasema amepotea. Hakuna atakayesimama kuwaeleza habari za kibali cha kusafiri.

Fomu hizi, kama tutazisoma kwa makini, ni utanzu wa fasihi wenye kanuni kali kuliko shairi la mizani. Zinataka mhusika mwenye jina moja tangu kuzaliwa hadi leo. Zinataka tarehe ya kuzaliwa, zinataka anwani za miaka mitano bila pengo, mke mmoja, wazazi wawili, na sababu moja ya kuja. Sasa jaribu kumwingiza Mkipsigis humo. Kaka ni Kiprono kwa kuwa alizaliwa jioni mbuzi wakirudi, anayemfuata ni Kipkoech kwa kuwa alizaliwa alfajiri, dada yao ni Chepkoech au Cherono, na baba yao, kwa kuwa alitoka jandoni kabla ya wengi kujua shule, anaitwa arap fulani kwa jina la babu. Ni watoto wa tumbo moja na baba mmoja, na katika karatasi hawana jina hata moja linalofanana. Afisa anauliza: mna uhakika nyinyi ni ndugu? Kisha kuna aliyelelewa na mke mkubwa na kumwita mama, wakati cheti kinamtaja mke mdogo. Na kuna nyumba ambako mama mzee asiye na mtoto wa kiume alimwoa mwanamke mwenzake kwa desturi yetu, watoto wakawa wa nyumba hiyo, na hakuna kisanduku cha kuandika jambo hilo.

Kwa hiyo mtu anaanza kujihariri. Anachagua jina moja, anakata mengine. Anapunguza ndugu, ananyoosha tarehe. Si lazima awe mwongo. Anafanya kile ambacho mwandishi yeyote hufanya anapoambiwa na mchapishaji kwamba hadithi ni ndefu na wahusika ni wengi. Tofauti ni kwamba hapa toleo lililohaririwa ndilo atakaloishi nalo mpaka kufa, na akisahau mstari mmoja siku ya mahojiano, anarudishwa.

Riwaya iliyoelewa jambo hili kuliko zote nilizosoma ni By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 2001. Gurnah ni mtoto wa Zanzibar aliyefika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mapinduzi ya 1964, na 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Mhusika wake, Saleh Omar, ni mzee aliyekuwa akiuza samani nzuri kwao. Anatua uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban, na ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Kwa hiyo mzee anayejua lugha vizuri kabisa anakaa mbele ya afisa kimya, akisikiliza anachosemwa. Afisa anafungua mzigo wake, anakuta kikasha chenye udi, ule udi wa qamari wa gharama, anakichukua. Katika mazungumzo hayo ya upande mmoja afisa huyo, Kevin Edelman, anamweleza mzee kwamba wazazi wake yeye mwenyewe walikuja kama wakimbizi kutoka Romania, lakini wao ni watu wa Ulaya, wana haki. Wewe je, umekuja kufanya nini?

Wahakiki wengi wamekaa sana kwenye ule udi, na ni haki yao, maana harufu inabeba kumbukumbu. Mimi nataka tuangalie lile jina. Kwa nini Saleh Omar amechukua jina la Rajab Shaaban na si jingine? Tunapoendelea kusoma tunagundua kwamba huyo Rajab Shaaban alikuwa jirani na hasimu wake, na kwamba walikosania nyumba. Kulikuwa na mkopo, kulikuwa na hati, hati ikapita mikono, nyumba ikamwangukia Saleh Omar. Baadaye siasa zilipobadilika naye akanyang'anywa, akafungwa miaka mingi, na alipotoka mke wake Salha na binti yao Ruqiya walikuwa wameshakufa. Mtoto wa Rajab Shaaban, Latif Mahmud, yuko Uingereza tayari, msomi, na ndiye anayetafutwa kuja kumtafsiria mzee huyu asiyejua Kiingereza. Anasikia kwamba mkimbizi amekuja kwa jina la baba yake.

Hapo ndipo Gurnah anapowashinda wenzake. Hadithi yake ya kutafuta ukaaji Uingereza ni mwendelezo wa ugomvi wa hati ya nyumba Zanzibar. Karatasi ya Gatwick na karatasi ya nyumbani ni za aina moja: zote zinasema nani ana haki ya kulala wapi, na zote zinaweza kusema uongo zikiwa na muhuri halali. Tena kesi ya kweli ya Saleh Omar haisikilizwi na serikali. Inasikilizwa na Latif, katika chumba kidogo cha mji wa pwani, wazee wawili wa dunia moja wakirekebishana kumbukumbu. Serikali imeshampa ruhusa ya kukaa kwa jina lisilo lake. Anayeweza kumpa ruhusa ya kuwa Saleh Omar ni mtoto wa mtu aliyemdhulumu.

Msomaji wa Kericho anapaswa kushtuka akifika hapo, kwa kuwa sisi tunajua habari za karatasi kabla ya kujua habari za ndege. Kipande kilikuwa kinaning'inia shingoni mwa babu zetu tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kikionyesha nani kamwajiri na kama ameruhusiwa kuondoka. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalum ya kuwahamisha Talai, ukoo mzima, ikawapeleka Gwassi karibu na ziwa, mbali na watu wao. Makampuni ya chai yalipofungua mashamba makubwa katika miaka ya 1920 yalijenga nyumba za wafanyakazi, na sheria ya nyumba hizo ilikuwa rahisi: nyumba inakwenda na kazi. Kazi ikiisha, unafunga virago. Mtu anazaliwa katika nyumba ya kampuni, anaoa humo, anachuma majani miaka 30, na siku ya kustaafu anaambiwa arudi kwao. Muuguzi aliye Uingereza kwa viza inayomtegemea mwajiri wake anaishi kwa sheria hiyo hiyo. Akifukuzwa kazi, hesabu ya siku inaanza. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kupeleka wauguzi huko, na tukashangilia. Muhamiaji wa kazi ya namna hiyo alikuwa akiomba ukaaji wa kudumu baada ya miaka 5. Mei 2025 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba inataka muda wa kawaida uwe miaka 10. Fikiria umeshangoja minne, ukasikia tangazo hilo kwenye redio ukiwa zamu ya usiku.

Vitabu vingine havijakwenda mbali hivyo. Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie, ya 2013, inapendwa sana na wasomaji wetu, na mimi naipenda kwa mengine, hasa kwa jinsi inavyosema habari za nywele na za ubaguzi. Lakini kwa kipimo cha kungoja, angalia. Ifemelu anapofika Marekani anatafuta kazi kwa kadi ya mtu mwingine, na sura hizo ni nzito: anajaribu kukumbuka kuitikia jina lisilo lake. Halafu anampata Curt, kijana tajiri wa Kizungu, Curt anapiga simu, kazi inapatikana, na kazi hiyo inaleta kadi. Limekwisha. Jambo ambalo kwa wengine ni miaka kumi linapita katika kurasa chache. Adichie mwenyewe, kwa sauti ya msimulizi, anaonyesha kwamba anajua ni upendeleo. Hata hivyo anaendelea na safari. Nguvu ya kitabu kuhusu makaratasi iko kwa Obinze, London, anayekodi namba ya bima ya mtu, anayelipa madalali wamtafutie ndoa, na anayekamatwa siku ile ile ya ndoa na kurudishwa Nigeria. Kumbuka lakini kitakachomtokea Obinze baadaye: anarudi Lagos na anakuwa tajiri. Kwa hiyo mmoja anafaulu huko na mwingine anafaulu nyumbani. Hadithi ya kwanza ya Kapsoit, mara mbili.

Imbolo Mbue wa Kamerun alijaribu zaidi. Behold the Dreamers, ya 2016, inamhusu Jende Jonga kutoka Limbe, dereva wa tajiri mmoja wa benki ya Lehman Brothers mjini New York, benki iliyoanguka 2008. Jende ana ombi la hifadhi. Wakili wake, Bubakar, ndiye aliyemsukia hadithi ya kupeleka serikalini, na anamwambia kila mara kwamba mambo yatakuwa sawa, subiri tu. Bubakar ni mhusika wa kuchekesha na sisi sote tunamjua. Kila mji wa Kenya una wakala wake mwenye ofisi juu ya duka la dawa, mwenye kalenda ya ubalozi ukutani, anayesema subiri tu. Mbue anaonyesha vizuri jinsi kungoja kunavyoingia kitandani na mezani: pesa zinahesabiwa mara tatu, mke anasoma usiku ili viza yake ya uanafunzi isiharibike, mtoto anasahau lugha. Na baba yake Jende anapokufa Limbe, Jende hawezi kwenda kumzika. Sura hiyo inastahili kusomwa kwa sauti kwenye kila matanga ya nchi hii ambako kuna kiti kitupu.

Mwisho wake ndio unaonipa shida. Jende anachoka, anaomba kuondoka kwa hiari, familia inarudi Limbe na akiba ya dola inayowafanya watu wenye uwezo. Wasomaji wengi wa huku wanaupenda mwisho huo, kwa sababu ni ule ambao wazee wetu wanauombea: arudi, ajenge. Lakini Neni, mkewe, hakutaka kurudi. Alitaka kumaliza masomo awe mfamasia, na katika mabishano hayo Jende anampiga. Kurudi kwa familia kumejengwa juu ya kushindwa kwa mwanamke huyu, na Mbue analijua hilo, analiandika, kisha analiacha nyuma ya gari linaloingia Limbe. Makaratasi yanapokosekana, nani katika nyumba anayelipa? Swali hilo lilikuwa mikononi mwake na lingeweza kubeba kitabu kizima.

Admiring Silence, riwaya nyingine ya Gurnah, ya 1996, inajibu sehemu ya swali hilo kwa upande wa mwanamume. Msimulizi asiye na jina anaishi Uingereza na Emma, na kwa miaka mingi amekuwa akimsimulia yeye na wazazi wake hadithi za kubuni kuhusu nyumbani, akiwapa kile wanachotaka kusikia. Anapopata nafasi ya kurudi Zanzibar kwa mara ya kwanza, anakuta kwao hawajui kwamba ana mwenzi wa Kizungu na binti mkubwa, na wamemtafutia mchumba. Amehariri pande zote mbili. Mtu aliyezoea kuandikia fomu anaishia kuandikia kila mtu, hata mama yake.

Sasa tutoke kwenye riwaya kidogo, kwa kuwa katika nchi ya Wakalenjin hadithi za uraia tunazisoma zaidi uwanjani kuliko vitabuni. Wilson Kipketer, mtoto wa Nandi, alikwenda Denmark 1990 kusoma. Mwaka 1995 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 akiwa amevaa rangi za Denmark, kwa kuwa kanuni za riadha zilimruhusu mkaaji. Olimpiki ilitaka raia. Mwaka 1996, akiwa mkimbiaji bora wa mbio hizo duniani, alibaki nje ya Atlanta kwa sababu uraia wake ulikuwa haujakamilika. Mwaka uliofuata alivunja rekodi ya Sebastian Coe ya 1981, na rekodi yake ya dakika 1:41.11 ilikaa hadi 2010 David Rudisha alipoivunja. Rekodi tunaijua sote, lakini ule msimu wa joto wa 1996, kijana mwenye miguu bora duniani akitazama mbio zake kwenye televisheni kwa sababu ya faili, haujaandikiwa hata hadithi fupi ya Kiswahili ambayo nimeiona. Stephen Cherono naye alikwenda Qatar 2003 na kuwa Saif Saaeed Shaheen. Mwaka huo huo alishinda dhahabu ya kuruka viunzi na maji huko Paris, nduguye wa kuzaliwa akiwa katika mbio hizo hizo na jezi ya Kenya. Tulibishana kama ni msaliti. Gurnah angeuliza jambo jingine: mama yao alipopiga simu jioni ile, alimwita nani?

Kiswahili kimefanya nini? Ken Walibora alituandikia Ndoto ya Amerika mwaka 2001, na kizazi kizima kimekua na kichwa hicho cha kitabu mdomoni. Adam Shafi katika Mbali na Nyumbani, ya 2013, alitupa kijana wa Zanzibar anayeitafuta Ulaya nchi baada ya nchi. Tangu 2022 tunayo pia Peponi, tafsiri ya Paradise ya Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Ukiangalia mada tulizozipenda sisi wenyewe, ni ndoto na ni njia. Kufika, kukaa, kujaza fomu ya tatu baada ya mbili kukataliwa, hayo hatujayapenda. Sababu moja naiona shuleni. Kitabu chetu kinaandikwa kikilenga darasa, na darasa linataka funzo: tamaa mbele mauti nyuma, au mvumilivu hula mbivu. Miaka tisa ya kungoja haina funzo la namna hiyo. Mvumilivu mwingine hula mbivu, mwingine anavumilia vile vile na anarudishwa kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa vibaya na mtu mwingine.

Na Walibora mwenyewe alikuwa na kisa hicho mkononi. Alisoma hadi shahada ya uzamifu Ohio, akafundisha chuo kikuu Wisconsin, akarudi Kenya kwa hiari yake. Aliuawa na matatu Nairobi Aprili 2020. Mtu aliyeandika ndoto akiwa hapa, akaishi huko, akaamua kurudi, angeweza kutuandikia ile sehemu ya katikati kuliko mwingine yeyote.

Kuna sababu ya pili ya ukimya wetu, na hii hatuipendi. Kuandika vizuri habari za mhamiaji kunamtaka mwandishi wa Kericho akubali kwamba na sisi tumewahi kuwa Kevin Edelman. Mashamba ya chai yalileta watu kutoka Gusii, kutoka Nyanza na kwingine. Watoto wao wamezaliwa hapa, wanaongea Kipsigis sokoni kuliko watoto wetu walioko Nairobi. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, waliambiwa warudi kwao, na nyumba zikachomwa. Hakuna aliyewadai pasipoti. Walidaiwa jina, na jina likatosha. Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inasema raia ana haki ya kuishi popote Kenya, lakini katiba nayo ni karatasi, na tumeona karatasi zinavyofanya kazi pale jirani anapokuwa ndiye afisa. Mtu ambaye babu yake alipelekwa Gwassi kwa sheria ya mkoloni anaweza kumwambia jirani yake wa miaka 40 aende kwao, kama vile mtoto wa wakimbizi wa Romania alivyomwambia mzee wa Zanzibar. Gurnah aliliona hilo akiwa mbali. Sisi tulioliona kwa macho hatujaliandika.

Na hadithi zipo, tena nyingine sheria imeshaziandika nusu. Sheria ya uraia na uhamiaji ya Kenya ya 2011 inataja wanaoweza kuomba ukaaji wa kudumu hapa. Yumo aliyekuwa na kibali cha kazi miaka 7 na kukaa mfululizo miaka 3 ya mwisho, yumo mume au mke wa Mkenya baada ya miaka 3 ya ndoa, yumo mtoto wa Wakenya aliyezaliwa nje na kuchukua uraia wa huko. Wa kwanza kutajwa, lakini, ni aliyekuwa Mkenya kwa kuzaliwa, akaupoteza uraia huo, na nchi anayoishi hairuhusu uraia wa nchi mbili. Denmark, kwa mfano, haikuuruhusu hadi Septemba 2015. Maana yake ni kwamba mzee aliyezaliwa Kapsoit, akatahiriwa Kapsoit, mwenye kaburi la mama yake Kapsoit, anaweza kurudi baada ya miaka 30 na kupanga foleni Nairobi akiomba serikali imruhusu kukaa kwao daima. Atajaza fomu. Kwenye kisanduku cha sababu ataandika nini?

Anayetaka kuandika riwaya hiyo asihangaike na ndege wala theluji, hayo tumeyasoma. Aandike simu ya saa tisa usiku inayopigwa kwa hesabu mbaya ya saa. Aandike kikundi cha michango ya matanga, jinsi aliye mbali anavyotuma kiasi kikubwa kuliko wote ili pesa zisimame mahali pake kaburini. Aandike mke aliyeachwa huku na kadi ambayo haijamfikia, watoto wakimjua baba yao kwa sauti ya kurekodiwa. Amwandike pia jirani Mgusii wa kambi ya chai anayestaafu mwezi ujao na hana kwao pa kurudi. Aandike kwa Kiswahili hiki hiki tunachoongea, chenye makaratasi na grinikadi ndani yake, na asiharakishe kufika kwenye kadi. Yule aliyeko Minnesota au Texas atakisoma usiku baada ya zamu. Ila mimi ningependa kwanza kisomwe na mama yake, ili siku akipiga simu asimuulize tena anakuja lini. Amuulize ameambiwa nini safari hii, na yeye akawajibu nini.